Mgeni wa Baba katika Ligi ya Magodoro

Mtu niliyemwonea wivu kuliko wote maishani mwangu alikuwa anakuja kwetu mara moja tu kwa mwaka. Anashuka kwenye lori la mnadani, analala, anacheza mpira, anakula, anaondoka. Kwao Bahi, kwetu Haneti. Alikuwa winga wa kulia. Hajawahi kunikosea kitu. Alikuwa hata ananiletea pipi, na pipi zenyewe zilikuwa nzuri, jambo lililonikera zaidi, maana mtu unayemwonea wivu anatakiwa angalau awe mchoyo.

Ili nieleweke inabidi nieleze kwanza ligi yenyewe. Siku hizi nikiitaja hapa mjini Dodoma, kwenye fremu ya duka ninayoshonea, vijana wananiangalia kama natunga. Ilikuwa ligi daraja la pili ya mkoa. Juu yake kulikuwa na daraja la kwanza, la timu zenye jezi zinazofanana mpaka soksi. Chini yake hakukuwa na kitu, ni watoto na mpira wa makaratasi. Daraja la pili lilikuwa la watu wa kawaida: walimu, wachungaji, mafundi baiskeli, wauza mitumba, vijana wa kulima alizeti. Bahi walikuwa na timu, Chemba walikuwa na timu, Kondoa nao, na mjini zilikuwepo chache zilizopanda daraja na kushuka tena kama mtu ambaye hajaamua anakaa wapi. Na sisi Haneti tulikuwa na yetu.

Ratiba ya ligi ile ilifuata minada. Hakuna timu iliyokuwa na uwezo wa kukodi gari, kwa hiyo wachezaji walidandia malori ya wafanyabiashara wa ng'ombe. Kama mnada uko Chemba, basi na mechi iko Chemba. Walikuwa wanashuka wananuka mbuzi, wengine wamekaa njia nzima wamekumbatia kondoo wa watu. Na lori likishashusha haliondoki mpaka mnada uishe na ng'ombe wapakiwe, kwa hiyo timu lazima ilale. Nyumba ya wageni haikuwepo. Ndipo watu wakagawana: kila nyumba mchezaji mmoja, kila mchezaji godoro moja. Kwenye makaratasi ligi ilikuwa na jina refu la heshima, lakini kwetu iliitwa ligi ya magodoro.

Baba aliniambia kwamba mwanzoni mambo hayakuwa mazuri. Wachezaji wageni waliogopa kulishwa dawa. Walikuja na unga wao, wakapika pembeni ya uwanja, wakalala wamekaa, na hata maji ya kisima chetu hawakuyagusa. Wenyeji wakaumia sana. Kumwambia mtu wa kwetu kwamba ugali wake una kitu ni kumtukana yeye na mama yake. Wazee wa pande zote wakakaa, wakakubaliana mambo mawili, na mambo hayo yalidumu mpaka ligi ilipokufa.

La kwanza, mwenye nyumba anakula sahani moja na mgeni wake, na yeye ndiye anayeanza kumega. La pili ndilo lililowashangaza watu wa mjini. Kesho yake uwanjani, mwenye nyumba na watu wake wote wanampigia makofi mgeni wao, hata kama anacheza dhidi ya timu ya nyumbani. Usipompigia, maana yake unajua kitu kuhusu miguu yake. Kwa hiyo mechi zetu zilikuwa na kelele za ajabu. Timu yetu ikipata goli watu wanashangilia, na ikifungwa watu wanashangilia, ila sio wale wale.

Mgeni wa nyumba yetu alikuwa yule winga. Mchezaji alirudishwa nyumba ile ile kila mwaka, kwa sababu walishazoeana, na mama alishajua kwamba huyo huwa hali mlenda wenye karanga.

Sasa baba yangu hana mtoto wa kiume. Kabla yangu walizaliwa wengine, hawakukaa. Mimi nimekaa. Baba ni mtu mkimya, wa kushinda shambani na kurudi na jembe begani bila kusema kama mvua inatosha au haitoshi. Unaweza kukaa naye tangu jua linachomoza hadi mchana, ukavuna maneno ya kuhesabu kwa vidole. Lakini lori la mnadani likisikika tu linapanda kile kilima, alikuwa mtu mwingine. Anafagia uwanja wa nyumba mwenyewe, kazi ambayo kwetu ni ya mama na mimi. Anachagua kuku mwenyewe. Analitoa godoro juani, analipigapiga kama mtu anayemwamsha ndugu yake. Halafu anakaa mlangoni akijifanya anatengeneza mpini.

Mgeni akifika anaitwa mwanangu. "Karibu mwanangu. Umechoka mwanangu. Hicho kiatu kimefanyaje mwanangu." Mimi nilikuwa naitwa we mtoto. Nilikuwa nakula jikoni na mama, kama wasichana wote, na kupitia kwenye upenyo wa mlango nawaona wale wawili wameinamia sahani moja, baba anammegea nyama, na anacheka. Baba yangu anacheka. Nilimuuliza mama, hivi baba anajua kucheka siku zote au amefundishwa leo. Mama akanipa kijiko nikoroge mboga.

Watu wakisema wivu unauma tumboni, mimi nadhani unauma masikioni. Kile kicheko nilikuwa nakisikia hata wiki mbili baada ya mgeni kuondoka.

Halafu kulikuwa na suala la baba mdogo. Baba mdogo, mdogo wake baba wa damu, alikuwa beki wa kushoto wa timu ya Haneti. Kama unaujua mpira umeshaelewa. Winga wa kulia wa Bahi na beki wa kushoto wa Haneti wanakutana pale pale pembeni, mechi nzima, uso kwa uso. Na baba amesimama kwenye mstari anampigia makofi winga. Mwaka mmoja mgeni wetu alimpiga baba mdogo tobo, mpira ukapita katikati ya miguu, akaufuata, akatoa krosi, goli. Baba akaruka. Mtu mzima, na kofia yake, akaruka. Baba mdogo aligeuka akamwangalia kaka yake wa tumbo moja akiruka, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu mpaka mtama ukapandwa na kuvunwa. Baba alikuwa anasema ni utaratibu, sio yeye. Baba mdogo alijibu kwamba utaratibu unasema makofi, hausemi kuruka.

Na mimi nilicheza, msidhani. Shuleni nilikuwa mfungaji kwenye netiboli. Kuna mwaka tuliingia fainali na shule ya jirani, na mwalimu akatutuma tuwaambie wazazi waje. Nilimwambia baba wakati anakula. Akasema sawa. Kumbe siku hiyo hiyo Bahi wanacheza na Haneti. Nilifunga mpaka mwalimu akanibeba. Jioni nilirudi mbio nikamkuta baba, akaanza kunieleza yeye, kabla sijafungua mdomo, jinsi mgeni alivyokosa goli la wazi na namna jua lilivyomzuia kuona. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nampenda baba yangu, na alivyokuwa anaeleza vizuri, hata mimi nililisikitikia lile goli.

Ligi ilikufa bila mtu kuiua. Nimejaribu kuwauliza watu ni lini hasa, kila mtu anataja mwaka wake. Wengine wanasema ni pale mji ulipoanza kukua kwa kasi, ofisi zikahamia, vijana wakaenda kubeba zege na kuendesha bodaboda, na kijana aliyeshinda amebeba zege Jumamosi hana miguu ya Jumapili. Wengine wanalaumu vibanda umiza vya kuonyeshea mpira kwenye televisheni, kwamba kwa nini usimame juani kumwangalia fundi baiskeli wakati unaweza kukaa kwenye benchi ukawaona Wazungu. Wapo wanaosema mkoa uliunganisha madaraja. Ninachokumbuka mimi ni pointi za mezani. Msimu wa mwisho timu zilikuwa hazifiki. Haneti wanajipanga uwanjani, mwamuzi anapuliza filimbi, anaangalia saa, anapuliza tena, anawapa pointi tatu, watu wanarudi nyumbani. Karibu tuwe mabingwa kwa kusimama tu. Msimu uliofuata ratiba haikuja. Hakuna tangazo, hakuna mtu aliyepita akasema basi.

Baba alilitoa godoro juani mwaka ule. Na uliofuata.

Mngedhani hapo mimi ningepumzika. Nilijaribu. Lakini baba alikuwa na simu, na mgeni alikuwa na simu, na nyuma ya nyumba yetu kuna kichuguu ambapo mtandao unashika. Sikukuu zote baba alikuwa anapanda pale juu, anashika kiuno, anapiga kelele kama anaita ng'ombe: "Mwanangu, huko mvua vipi?" Mimi nilipokuja mjini kujifunza kushona, tukawa tunaongea kwa simu pia. Aliongea nami akiwa ndani, pale ambapo mtandao unakatika. Naelewa ni kwa sababu mimi nilikuwa napiga jioni na yeye keshavua viatu. Naelewa kabisa. Ila moyo una hesabu zake.

Mimi ni mtu wa furaha, wanaonijua wanajua. Nashona sare za shule na magauni ya wasimamizi wa harusi, na kila gauni nikiliweka kwenye cherehani naanza kuota: nitakuwa na fremu yangu, yenye kioo mbele, na sanamu mbili za kuvalisha nguo, sio moja. Kijana anayeniletea vitambaa kwa bodaboda kutoka sokoni akawa anakaa kuzisikiliza ndoto zangu badala ya kwenda kutafuta abiria. Hivyo ndivyo tulivyochumbiana. Kwao ni Bahi. Sikuona tatizo, Bahi ni kubwa.

Siku kwao walipokaa kupanga posa, alinipigia amefurahi.

"Tumepata mshenga mzuri," akasema. "Mtu anajulikana huko kwenu mpaka na mbuzi."

Nikamuuliza ni nani. Akasema ni mzee mmoja kijana kijana, zamani alikuwa anacheza mpira pembeni, siku hizi analima mpunga na ana mashine ya kukoboa.

Nilishusha simu nikaitazama, kisha nikairudisha sikioni.

"Upo?"

"Nipo. Hakuna mwingine?"

"Mwingine wa nini? Si baba yako anampenda sana yule."

"Ndiyo," nikasema. "Anampenda."

Hapa nieleze nilichokuwa nakitaka, kisije kikachukuliwa vibaya. Sikutaka ng'ombe wengi. Mimi mwenyewe ng'ombe nawaogopa. Nilichotaka ni kukataliwa. Yaani baba anikatalie watu. Pale kwenye fremu yetu wasichana tukishona tunasimuliana habari za mahari, na kila mmoja ana yake. Mmoja baba yake aliwaambia wageni warudi wakajifunze kusalimia. Mwingine baba yake alikaa kimya mpaka mshenga akavua kofia, akavua na viatu. Wanasimulia huku wanacheka, lakini unaona wanavyonyooka mgongo. Ni kama kila mmoja anasema, nilikuwa na thamani, walinililia. Msichana ambaye baba yake amekubali kila kitu hana cha kusimulia. Anaendelea tu kushona.

Na mimi nilimjua baba yangu. Mgeni wake akiingia kwake, akala kwake, yeye anapiga makofi.

Wakaja wakati alizeti imechanua. Nilikuwa chumbani na mama, nyuma ya pazia linalogawa sebule. Wazee wa Bahi waliingia na salamu zao za mbukwenyi, tukaitikia, na nyuma yao akaingia yeye. Amenenepa, kapata mvi pembeni, lakini bado anatembea kwa kuegemea mbele kama anataka kukimbia. Baba, ambaye kwa heshima ya siku ile alitakiwa akae na uso mgumu, alisimama. Akampisha kwenye kiti chake mwenyewe. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu, aligeuka akamwangalia kaka yake kwa jicho ambalo mama alilijua. Mama akaninong'oneza, "Yale yale ya tobo."

Basi ikaanza. Baba mdogo alifungua kwa kutaja idadi ya ng'ombe ambayo hata mimi niliona aibu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: unaanza juu, wageni wanashika vichwa, mnashuka pamoja polepole mpaka mchana. Mshenga akasafisha koo. Akasema kwa upole kwamba binti ni wa dhahabu na wao wanakubali, lakini ukame umewapiga, na je, wazee wangefikiria nusu.

"Ni haki," akasema baba.

Baba mdogo akauliza haki ipi. Baba akasema Bahi kweli mvua haikuwa nzuri, yeye mwenyewe amesikia kwenye simu. Baba mdogo akasema haya, tuache ng'ombe, twende kwenye mbuzi. Akataja mbuzi. Mshenga akaomba wapunguzwe. Baba akatikisa kichwa kukubali kabla sentensi haijaisha. Wakaja kwenye blanketi la bibi. Baba akasema bibi hasikii baridi. Wakaja kwenye tarehe. Wageni walitaka iwe karibu, baba akasema hata kesho kwake sawa.

Nilimsikia baba mdogo akivuta pumzi kama anaongeza upepo kwenye gurudumu. Alikuwa anakabwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wageni nao walikuwa hawana raha, maana walijiandaa kubembeleza na hakuna wa kubembeleza. Mimi nililaza kichwa kwenye bega la mama. Sikulia. Nilikuwa naona tu jinsi nitakavyoulizwa kwenye fremu, ilikuwaje kwenu, na nitakavyojibu kwamba ilikuwa vizuri, ilikuwa haraka.

Ndipo nikaitwa. Ni desturi, binti anaulizwa mbele ya watu kama anawafahamu wageni na kama mali yao ipokelewe. Unatakiwa uinamishe kichwa useme ndiyo kwa sauti ndogo. Nilipiga magoti kwenye mkeka.

"Binti," akasema baba mdogo, amechoka, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Tupokee walicholeta?"

Nikanyanyua kichwa nikamwangalia baba. Alikuwa ametabasamu, lakini kwa upande ule mwingine, wa kile kiti alichompisha mshenga.

"Baba hajakataa kitu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nasema baba hajakataa hata kitu kimoja. Akatae kimoja, halafu na mimi nitakubali."

Mzee mmoja wa Bahi alicheka, akadhani ni utani wa mabinti wa mjini. Baba mdogo hakucheka. Alijiegemeza nyuma taratibu kama mtu aliyeona krosi nzuri inakuja. Baba akanigeukia.

"Nikatae nini, mama? Wamekuja vizuri."

"Chochote tu. Chagua wewe."

Alinitazama. Sijui kama alikuwa amewahi kunitazama muda mrefu vile. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaivaa tena.

"Basi tarehe," akasema. "Nakataa tarehe. Ni mapema."

"Sawa, mzee wangu," mshenga akasema haraka. "Tarehe tutasogeza."

"Na hao ng'ombe."

"Wamekuwa wachache?"

"Hapana. Siwataki."

"Mbuzi je?"

"Na mbuzi." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Na blanketi. Sitaki kitu. Rudini navyo."

Baba mdogo akashtuka, akamgusa mkono. Yeye alikuwa anataka kukaba tu, sio kufunga uwanja. Lakini baba alikuwa kama mtu aliyefungua mlango ambao hakujua kama upo. Mshenga aliinama mbele, akaongea kwa sauti ile ya nyumbani, sauti ya miaka yote ile.

"Baba. Ni mimi. Niambie mimi mwanao, unataka nini?"

Na baba akasema, anamwangalia yeye machoni, "Mimi nina mtoto mmoja."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kisha akasimama akatoka kwenda kwenye zizi, akatuacha wote pale.

Nilifurahi. Sitadanganya, nilifurahi sana. Lakini nilipogeuka nikamwona mgeni kwenye kiti cha baba. Alikuwa bado ameinama mbele, anaangalia ule mlango, na kisha akaniangalia mimi. Ule uso niliufahamu. Nimeuvaa miaka. Ni uso wa mtu anayeona kwa upenyo wa mlango wengine wanakula.

Kwetu hata ukiwakatalia wageni, lazima wale. Mama akapakua, wazee wakala kwa adabu, baba mdogo akajitahidi kuulizia bei ya mpunga. Mshenga alinawa, akamega tonge, akaliacha. Akatoka nje. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ghala, anachora chini kwa kijiti. Nilikuwa nimempelekea maji tu, nirudi.

"Mdogo wangu," akaniita. "Mimi nikishaondoka, kipindi kile cha ligi. Mzee alikuwaga ananitaja?"

Nilijua jibu lilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kusema hapana, au kusema mara moja moja, na angeamini, maana ndicho alichokuwa ameanza kuamini. Nikaweka maji chini.

"Kila wiki," nikasema.

Na nikaanza kumsimulia. Sikujua kama nazijua zote hivyo. Nilimsimulia tobo, na kuruka kwa baba. Nikamsimulia lile goli la wazi na jua. Nikamsimulia ile mechi ya Chemba ambayo mpira ulichomwa na mwiba, ukawa unatoa upepo polepole na mpira wa pili hakuna, na ilipofika mwisho ulikuwa laini kama andazi, hakuna aliyeweza kuupiga ukaenda, ila yeye akauinua na mguu akautumbukiza kama anaweka unga kwenye ndoo. Baba hakuwepo Chemba siku hiyo, aliisikia kwa madereva wa malori. Lakini alikuwa anaisimulia kama alishika ile milingoti ya goli. Nilisimulia kwa sauti ya baba, na mikono ya baba, na huku nasimulia wivu upo, umekaa pale pale pembeni, haujaenda popote.

Mgeni akatikisa kichwa.

"Lile la Chemba sio langu," akasema. "Alifunga yule fundi baiskeli wetu. Mimi siku ile niliumia, nilikuwa nje."

Nikafikiria. Miaka yote ile baba alikuwa anayachukua magoli ya watu anampa huyu.

"Hapa kwetu ni lako," nikamwambia. "Liache hivyo hivyo."

Alicheka, akafuta uso kwa kiganja, akanywa yale maji. Kisha akasimama akaelekea zizini. Sikumfuata. Niliwaona kwa mbali tu wamesimama wawili, wameegemea miti ya boma, wanaangalia mbuzi. Hata hapo kidogo iliniuma.

Mchumba wangu alinipigia jioni ile. Kasikia wamefukuzwa. Akauliza kama nimepata mwingine. Nikamwambia atulie, mambo yamekwenda vizuri sana, na yeye akasema hanielewi, na mimi nikasema najua.

Walirudi baada ya mavuno. Mshenga ni yule yule, kwa sababu baba alituma neno kwamba asiletwe mtu mwingine. Safari hii baba hakumpisha kiti. Alikaa mwenyewe, kofia kichwani, na wazee wa Bahi walipoomba kitu alisema hapana, na walipopunguza ombi alisema hapana, na kwenye mbuzi mmoja mwenye madoa walibishana mpaka chai ikapoa ikapashwa tena. Mshenga alibembeleza, akapiga magoti, akasifia ukoo wetu mpaka mababu. Baba mdogo alikuwa hana kazi, amekaa anachokonoa meno kwa raha. Mama alinisukuma nikae karibu na pazia nisikie vizuri. Kivuli cha nyumba kilishavuka uwanja na bado baba alikuwa anasema hapana, kwa sauti yake ile ndogo ya shambani, na mimi nimekumbatia magoti, naomba kimoyomoyo wasielewane haraka.